Kura Moja ya Nyumba ya Meya

Habari aliileta Bakiri kwa mdomo wake mwenyewe, Jumamosi asubuhi, akiwa amevaa koti la suti juu ya kanzu, karatasi mkononi. Angejua itamfikisha wapi, angeikunja ile karatasi akaifutia viatu.

Sisi tulikuwa tumeshakaa. Kijiwe chetu kiko Bertrams, hapa Joburg, ukingoni mwa barabara mbele ya kinyozi Steve, pale Zubeda wa Tanga anapoweka jiko lake na birika la kahawa chungu. Kashata zipo, lakini ukweli ni kwamba watu huja kula nyama za wenzao.

Bakiri ndiye peke yake kati yetu mwenye nyumba. Alikuja Joburg zamani sana, enzi ambazo, kwa maelezo yake, hata mashimo ya barabarani yalikuwa hayajazaliwa. Akanunua nyumba, kisha akaikatakata kwa mbao mpaka ikatoa vyumba ambavyo mchora ramani hakuviota. Ndiyo maana tunamwita Meya: ana mji wake, na maji yake hukatika kama ya mji.

Raia zake ndio hao hao wanaokaa kijiweni. Steve mwenyewe, mtu wa Lubumbashi, analala palipokuwa gereji; tunamwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu mkono mmoja unanyoa na mwingine unatetea kesi. Astère, Mrundi, mlinzi wa usiku, ni Kamanda; akitoka zamu hulala ameketi na husikia kila kitu. Victorine wa Bukavu ni mshonaji, jina lake Sindano, na huhitaji kumpelekea kitambaa ili akudunge. Zubeda naye anapanga humo humo, chumba cha nyuma, yeye na binti yake Ummi. Mimi nimepanga Troyeville kwa mtu mwingine, kwa hiyo siku hiyo nilikuwa na masikio tu.

Bakiri akakohoa, akaifungua karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, akawa anaitafsiri kwa sauti ya waziri.

“Wote wanaolipa kodi ya nyumba katika mitaa hii wanaalikwa leo saa nane mchana, ukumbi wa shule, kupiga kura.”

Akaendelea. Chama cha wenye nyumba kinataka kodi hiyo iongezwe kidogo, ili ifunguliwe ofisi ya hapa hapa mtaani ya kupokea simu za dharura: watu wa kushika simu mchana na usiku, wanaojua lugha zaidi ya moja, na gari la wagonjwa karibu. Nyumba moja, kura moja.

Steve akazima mashine. Kichwa cha mteja kikabaki nusu msitu, nusu uwanja.

“Meya, rudilia kidogo. Ni banani banaitwa?”

“Wanaolipa kodi ya nyumba.”

“Bon. Mwezi uliopita, nani alilipa kodi ya nyumba?”

“Wewe ulilipa. Tena ulichelewa.”

“Nilichelewa, lakini nililipa. Na Kamanda akalipa. Na Sindano. Sasa mimi niko nauliza tu: mbona koti iko juu yako peke yako?”

Bakiri akaanza kufafanua, na mtu akianza kufafanua kijiweni ujue ameshapotea. Alisema kodi yetu ni ya kupanga na kodi yake ni ya kumiliki. Ile tunampa yeye, hii anaipa manispaa. Jina moja, vitu viwili, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Steve akasema huo ndio ujanja wa Waswahili. Kwao Lubumbashi ya mwenye nyumba inaitwa loyer na ya serikali inaitwa impôt, mtu hapotei njia. Lakini ninyi mmevitia vyote kwenye gunia moja, sasa paka amezaa humo ndani mnashangaa.

Victorine alikuwa anapinda upindo wa kitenge, hakuinua macho.

“Hiyo kodi ya manispaa, Mzee Meya, unaitoa wapi?”

“Kwenye mapato yangu.”

“Na hayo mapato yanalala chumba gani? Maana mimi naona kama moja inalala chini ya mashini yangu.”

Hata mteja mwenye nusu kichwa alicheka. Bakiri akaagiza kahawa, dalili ya kwamba anatafuta muda.

Astère, macho bado yamefungwa, akaeleza kwa nini kura hiyo si ya mchezo. Yeye hulinda mitaa hii, nyumba zote anazijua kwa mageti. Nusu zimetekwa na watu wanaopangisha nyumba zisizo zao, na mtekaji hapigi kura, ingawa kwa kukusanya kodi hakuna anayemshinda. Nyingine wenyewe wamehamia nchi za mbali na hawakumbuki hata rangi ya mlango. Waliobaki ni wachache, na wamegawanyika katikati kama embe. Upande wa ndiyo ulishamtembelea Bakiri ukiwa na keki. Upande wa hapana ulimtembelea jioni yake ukaimaliza.

“Kwa hiyo koti hili,” akasema Astère, “leo limebeba mtaa.”

Tukamuuliza Meya litaubeba kuelekea wapi. Akasema wazi kwamba yeye ni hapana. Kila mwezi manispaa humkamua kwa taa zisizowaka na takataka zisizozolewa, sasa waje majirani nao na ndoo yao? Akiongezewa, itabidi atuongeze. Akituongeza tutahama. Tukihama atabaki anapanga kwake mwenyewe, na yeye anajijua, ni mpangaji msumbufu. Kisha akasema neno ambalo nadhani alitamani kulirudisha kabla halijafika.

“Na kwani namba ya dharura haipo? Ipo. Mtu akiumwa si apige.”

Wote tulimtazama Zubeda, naye alikuwa anapepea jiko.

Maana Zubeda alipiga. Majira ya baridi, Ummi alibanwa na pumu mchana kweupe, midomo ikawa ya kijivu. Zubeda akapiga ile namba, akawekewa muziki. Ulipokatika muziki wakamuuliza yuko wapi, akasema jirani na robot ya pili, maana taa za barabarani hapa huitwa robot. Wakamuuliza robot ya pili kutoka wapi, naye kwa haraka ile hakujua, kwa sababu mtu huishi mahali pake, hahesabu mataa. Astère akaipokonya simu ili asaidie kwa Kiingereza. Kiingereza cha Kamanda ni cha getini: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Neno la ugonjwa likamkimbia, akasema mtoto ana pumu, pumu imemkaba shingoni. Upande wa pili wakasikia puma. Wakamuuliza kwa upole kama mnyama bado yumo ndani ya nyumba. Kamanda akajibu kwamba ndiyo, yumo, na tangu azaliwe hajatoka.

Tulishaicheka habari hiyo mara nyingi, na Astère hucheka kuliko wote. Mtoto alifikishwa hospitali kwa bakkie, pikapu ya muuza vitunguu, akapona, na Kamanda hadi leo hudai ni vile vitunguu vilivyomzibua. Lakini siku hiyo Zubeda hakucheka nasi. Aliweka pepeo chini.

“Baba Bakiri, mimi nilipiga. Sikio moja lilikuwa linasikiliza muziki wao, jingine liko kifuani kwa mwanangu. Muziki ulikuwa mzuri. Kifua ndicho kilikuwa kinakwisha. Na baridi itarudi.”

Bakiri akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Yeye na yule mtoto ni marafiki. Ummi humwita Mkhulu, yaani babu kwa Kizulu, kwa sababu Kiswahili anakisikia lakini ulimi wake umezaliwa hapa. Na Mkhulu, ambaye hatoi kitu, humpa nusu ya chapati yake. Lakini mtu mwenye nyumba ana mioyo miwili, mmoja wa damu na mmoja wa matofali, akatafuta njia ya kuiridhisha yote.

Akasimama. Alisema yeye si dikteta. Nyumba moja kura moja, basi nyumba na iseme. Wote wanaoishi humo wapige kura hapa hapa, na yeye apige, kwa siri. Itakayoshinda ndiyo ataibeba mpaka ukumbini. Ila akaongeza, kwa upole sana, kwamba ndiyo ikishinda, kodi ya kupanga inapanda mwisho wa mwezi.

Hapo nilimvulia kofia. Alikuwa ametukabidhi demokrasia akiwa ameishika mkiani.

Zubeda alikataa kupiga, akasema mwenye msiba hachimbi kaburi, akawa tume ya uchaguzi. Alitundika kanga kwenye mlango wa kinyozi, nyuma yake akaweka bakuli mbili, moja ya buni zilizokwisha kukaangwa na moja ya vipande vya mkaa, na katikati birika kuukuu lisilo na mkono. Buni ni ndiyo. Mkaa ni hapana. Kila mtu achukue kimoja atumbukize. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa Troyeville, nikateuliwa mwangalizi wa kimataifa. Nikapewa kahawa ya bure na kashata, na papo hapo nikaanza kuona kwamba mambo yote ni huru na ya haki.

Kampeni zilikuwa fupi na za kuliza. Steve alisema mtoto wa kijiwe ni mtoto wa wote. Victorine alisema yeye mwenyewe ni mama, na senti za kupanda kodi haziwezi kupimwa na pumzi. Astère alisema aliyewahi kuisema puma hawezi tena kuisahau pumu. Nilitaka kupiga makofi, nikakumbuka kwamba mwangalizi hapigi makofi.

Wakaingia nyuma ya kanga mmoja mmoja, Bakiri wa mwisho. Kwetu mpiga kura huchovya kidole kwenye wino asije akarudia. Hapa wino ulikuja wenyewe: Steve alitoka akijipangusa vidole kwenye aproni, Victorine akajipangusa kwenye kitambaa cha mteja, Kamanda kwenye suruali ya kazi, na Meya, ambaye koti lake ni la heshima, alitia mkono mfukoni na hakuutoa. Mimi niliona. Zubeda naye aliona. Katika ripoti yangu sikutia neno, kahawa ilikuwa bado ya moto.

Zubeda akalitoa birika, akalikumbatia, akakaa nalo juu ya kigoda. Tukasubiri ahesabu. Hakuhesabu.

“Kabla sijafungua,” akasema, “maana kura za siku hizi huchakachuliwa, kila mtu anitamkie alichoweka. Nikikuta tofauti nijue mwizi yumo humu birikani. Kaka Steve?”

Steve akatazama barabara, akatazama kichwa cha mteja. “Ndiyo, bien sûr. Unaniuliza mimi?”

“Mama Victorine?”

“Ndiyo. Mungu ananiona.” Akaongeza haraka kwamba hata hivyo Mungu ana kazi nyingi.

“Kamanda?”

“Ego,” akasema Astère, yaani ndiyo kwa Kirundi chao, labda akidhani uongo wa lugha nyingine hauandikwi.

Likabaki koti. Bakiri alimtazama kila mmoja usoni, na nyuso zilikuwa safi kabisa, akaamini kuwa ni yeye peke yake aliyekuwa na roho mbaya. Ni mtu wa dini, uongo humwia mgumu.

“Sasa Zubeda, mimi nitakuwa kinyume na Ummi?”

“Ndiyo au hapana, baba?”

“Ndiyo,” akasema Meya, kwa sauti ya mtu anayeng’olewa jino.

Zubeda akainuka na birika lake. “Basi wote ndiyo. Tuhesabu nini tena? Mkimhesabu mtu baada ya kusema ni kumtukana.” Akamgeukia Bakiri. “Na kwa kuwa na wewe umetaka mwenyewe, kwa mkono wako, hakuna wa kumpandishia kodi. Mtu hamdai mwenzie bei ya kitu alichokipenda mwenyewe.”

Steve akasema hiyo ni sheria, tena ipo. Victorine akasema hata Bukavu ipo. Bakiri akafungua mdomo aseme labda tuhesabu kidogo, kwa utaratibu tu. Kamanda akamuuliza anamshuku nani. Akaufunga.

“Kura ya siri na ife na siri yake,” akasema Zubeda, akaliteremsha birika la kahawa, akalipindua lile kuukuu juu ya jiko.

Kulitoka mlio mkavu. Buni iliyokaangwa ikigusa moto, harufu yake hufika mpaka Ellis Park, na kila mtu pale alilijua hilo. Pua zote zikainuka.

“Munasikia?” akasema Steve hatimaye. “Hii ya kwanza kunukia njo yangu.”

Victorine akasema kahawa ya Kivu haina haraka, yake itakuja. Astère akavuta pumzi ndefu, akafumba macho, akasema anasikia mbili. Wakamtazama Meya. Alikuwa anafunga vifungo vya koti kwa mkono mmoja, mwingine bado umo mfukoni.

“Yangu ilikuwa changa,” akasema. “Haitoi harufu.”

Akashika njia ya kwenda shuleni, na wapiga kura wake watatu wakamfuata nyuma kwa nyuma, eti wamsindikize, wakimwacha mteja wa Steve na nusu kichwa chake. Hakupewa nafasi ya kupotea hata kwenye robot.

Zubeda aliteleka birika jingine. Lilichemka upesi sana, kwa sababu jiko lilikuwa limeongezewa vipande vinne vya mkaa.