Jinsi Wakana Alivyochagua Lenzi na Dunia Ikanusurika

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, na wewe uliyeshika simu iweke kifudifudi mezani, maana hili linalokuja ni kubwa kuliko yote mliyowahi kuambiwa kwamba ni makubwa. Nitawasimulia jinsi Inoshita Wakana, jabali la Osaka, simba jike wa dawati la nyuma kabisa, yeye ambaye mwalimu akimtaja jina huinamisha kichwa mpaka paji la uso liguse meza, alivyotoka kwao akaenda dukani kununua lenzi. Naam, lenzi ya kamera. Moja. Iliyotumika.

Asubuhi ya siku hiyo tukufu mimi nilikuwa nafagia chumba cha klabu ya picha, kwanza kwa sababu ilikuwa zamu yangu, pili kwa sababu wenzangu wote huumwa mgongo zamu zao zikifika. Nilikuwa nimepiga magoti, navuta mavumbi chini ya kabati, mlango ukafunguka akaingia Wakana na kusema, kwa sauti ambayo hata ufagio wangu uliizidi:

"Leo nanunua."

Dunia haikutetemeka. Mwenyekiti ndiye aliyetetemeka. Mwenyekiti wetu ni Hachisuka, bwana wa kamera tatu, mfalme wa mikoba yenye vyumba vingi, mtu ambaye hatujawahi kuona picha yake hata moja iliyotoka vizuri lakini hatujawahi pia kumwona akinyamaza. Alishusha kopo lake la kahawa, akasimama katikati ya chumba, akatuhutubia mimi na Wakana kana kwamba sisi ni jeshi zima.

"Sikiliza, Inoshita," akasema. "Usiku si rafiki yako. Hiyo lenzi uliyonayo, hiyo iliyokuja na kamera ndani ya boksi, ikiona giza inalia. Ndiyo maana picha zako za jioni zote ni mizimu. Ile ya stesheni mwalimu aliuliza huo moshi umetoka wapi, kumbe ni watu. Unahitaji lenzi yenye tundu kubwa, inayokunywa mwanga kama ng'ombe aliyekosa maji wiki nzima. Na nakwambia, chukua ya milimita themanini na tano. Unasimama ng'ambo hii, mtu yuko ng'ambo ile, unamvuta mpaka puani kwako, na yeye hana habari. Unapiga, unaondoka zako. Hakuna kuongea na mtu."

"Hata salamu?" Wakana akauliza.

"Hata salamu."

Uso wa shujaa wetu ukang'aa kama mtu aliyeambiwa mtihani umefutwa.

"Wewe mwenyewe na hiyo themanini na tano umeshapiga nini?" nikamuuliza Mwenyekiti.

"Bado napanga," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Sasa hapa lazima niwaambie kwa nini binti huyu alitaka kuona gizani, maana sisi alitudanganya kwamba ni kwa ajili ya maonyesho ya klabu. Haikuwa maonyesho. Ilikuwa Chinatsu. Wakana na Chinatsu walikua pamoja tangu chekechea, wakila kutoka sahani moja ya takoyaki, yale madonge ya pweza ya moto, na kuunguza ulimi kwa pamoja, mpaka kiangazi kilichopita, mgahawa wa baba yake Chinatsu ulipofungwa na Chinatsu akaacha shule. Kuanzia hapo kila jioni akawa anasimama mbele ya stesheni, kavaa koti la njano la ukumbi wa karaoke, akiwagawia wapita njia pakiti za tishu zenye tangazo. Jioni moja Wakana akatokea kwenye ngazi za stesheni, akamwona rafiki yake ndani ya lile koti. Na shujaa wetu, mwenye moyo wa chuma, akafanya nini? Akatoa simu mfukoni, akaikodolea macho kwa bidii kubwa, akapita kama upepo. Hakujua la kusema, basi. Tangu siku hiyo hawajaongea. Na shujaa, badala ya kwenda kusema "nisamehe" kama watu wengine, akaona njia fupi zaidi: ajifunze upigaji picha wa usiku, apate kumpiga rafiki yake picha palepale anaposimama.

Akajiandaa kwa vita vya lenzi kama hakuna aliyewahi kujiandaa. Alisoma mtandaoni mabishano ya wanaume wasio na majina, wanaume waliopiga picha ukuta uleule wa matofali kwa lenzi arobaini, wakatukanana kwa sababu ya tofali la pembeni. Alijua ipi ina utando ndani, ipi inanguruma ikitafuta shabaha, ipi huzungushia taa pete za zambarau. Akaja akabakiwa na mbili, na pesa zake za zawadi za Mwaka Mpya zilitosha moja tu: themanini na tano, ya kumvuta mtu wa mbali, na thelathini na tano, ambayo ukitaka mtu ajae kwenye picha ni lazima umsogelee mpaka uhisi anapumua. Zote mbili ukizizungusha hazisogezi picha mbele wala nyuma. Miguu yako ndiyo inayofanya kazi hiyo. Mtu mwenye haya kama Wakana angechagua ipi, hata paka wa dukani alijua.

Akaingia, basi, katika duka la Mama Kitahori, ndani kabisa ya soko lenye paa, kati ya muuza mwani na kinyozi. Mama Kitahori alikuwa amevaa blauzi ya chui kama kawaida yake, na kabla shujaa hajatoa neno alikuwa ameshampa peremende.

"Kula, mwanangu, umekonda. Unataka nini?"

Wakana akaonyesha kwa kidole, ndani ya kabati la kioo, kama mtu anayemtambua mwizi. Mama Kitahori akatandika kitambaa cheusi, akaziweka lenzi zote mbili juu yake, akazimulika kwa tochi.

"Safi zote, hazina ukungu. Nenda mlangoni kazijaribu. Usikimbie nazo, nina mbio kuliko unavyodhani."

Shujaa akaifunga themanini na tano kwenye kamera yake, akasimama mlangoni. Ilikuwa jioni ya Desemba, giza limeshaingia mapema, na sokoni taa zilikuwa zimewaka. Loo, jinsi lenzi ile ilivyokuwa nzuri. Kule mbali, mama mmoja alikuwa anachagua maboga. Wakana akamwona mpaka uzi uliochomoka kwenye kola yake. Mzee mmoja alikuwa anapiga miayo. Akaona jino la dhahabu. Giza lote likageuka asali. Na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Shujaa akatabasamu, na nadhani hata dunia nayo ilikuwa tayari kupumzika.

Mama Kitahori akaja akasimama nyuma yake, akatazama kioo cha kamera, akasifu bidhaa kama muuzaji yeyote:

"Hii ndiyo yenyewe. Unaona? Unapiga watu wote hawa na hakuna atakayejua kama ulikuwepo."

Hakuwa na nia yoyote, mama wa watu. Alitaka kuuza apate kufunga duka, awahi tamthilia. Lakini maneno yale yalimpiga shujaa hapa, kwenye mfupa wa kifua, maana hiyo ndiyo kazi aliyokwisha kuifanya pale kwenye ngazi za stesheni, tena bila lenzi yoyote. Akaishusha kamera. Akaitafuna peremende kwa sauti. Kisha akasema neno ambalo vizazi vitalikumbuka:

"Naomba ile fupi."

"Hii? Hii itabidi uwabandikie watu pua."

"Najua, Mama."

"Na wewe ulivyo, mwanangu, hata bei hukuthubutu kuuliza."

"Bei gani?"

"Umechelewa," akasema Mama Kitahori, akaifungia kwenye karatasi, akampa peremende nyingine ya njiani.

Ndipo jemadari akashika njia ya stesheni, lenzi mpya kifuani kama ngao, tundu limefunguliwa mpaka mwisho, kwenye alama ya moja nukta nne, tayari kumeza usiku wa Osaka. Akafika kwenye kivuko. Ng'ambo, chini ya mabango yanayowaka, koti la njano lilikuwa linakwenda na kurudi katikati ya makoti meusi ya watu wanaotoka kazini. Taa ya kijani ikawaka; shujaa akafunga kamba ya kiatu. Ikawaka tena; akafunga kiatu cha pili. Ikawaka tena, na hapakuwa na kiatu cha tatu, kwa hiyo akavuka. Majeshi yameshavuka mito yenye mamba kwa hofu ndogo kuliko ile.

"Karaoke, karibuni, leo kuna punguzo, karibuni karaoke," Chinatsu alikuwa anaimba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema hivyo tangu mchana, na mkono wake ukanyooka wenyewe na pakiti ya tishu, bila kutazama ni nani. Kisha akatazama. Mkono haukurudi.

"Shika basi," akasema. "Naganda."

Wakana akaishika.

Hapa palistahili hotuba, na nawahakikishia hotuba ilikuwepo. Alikuwa ameitunga kichwani njia nzima, yenye utangulizi na hitimisho. Ikatoka hivi:

"Naomba nikupige picha."

"Na koti hili?"

"Nalo."

Chinatsu akampa tishu bwana mmoja aliyepita, akampa mwingine, akarudi.

"Mara ile ulipita hapa unaangalia simu," akasema. "Ilikuwa imezimwa. Nilikiona kioo, cheusi kabisa."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ilikuwa imezimwa."

Chinatsu akacheka kidogo puani, kicheko ambacho hujui kinakukaribisha au kinakufukuza. "Angalau ungejifanya unaongea na mtu," akasema. "Haya, fanya haraka. Msimamizi yuko pale kwenye mashine ya vinywaji, akiona nimesimama ataanza."

Akanyoosha mkono na pakiti nyingine, kama anavyowanyooshea wote. Wakana akasogea. Akasogea tena, mpaka akasikia harufu ya sabuni ileile wanayotumia kwao Chinatsu tangu zamani. Akapiga. Mara moja tu, kwa sababu msimamizi akakohoa, na koti la njano likageuka likazama katikati ya watu. "Karaoke, karibuni."

Akaitazama picha akiwa amesimama pale pale. Kumbe Mwenyekiti, katika elimu yake yote, alisahau kusema kwamba lenzi ya tundu kubwa ikifunguliwa hivyo inaona jambo moja tu kwa wakati mmoja, jambo jembamba kama karatasi, na mengine yote yanayeyuka. Lenzi ilikuwa imechagua mkono. Kila kitu cha mkono kilikuwepo: glovu iliyokatwa vidole, ngozi iliyopasuka kwa baridi pembeni ya kucha, tangazo la karaoke mpaka herufi ndogo kabisa. Nyuma yake uso ulikuwa umelainika, rangi tu na vivuli viwili vya macho. Lakini ilionekana wazi kwamba macho yale yanatazama moja kwa moja kwa mpiga picha.

Basi pigeni ngoma, enyi wenye ngoma, na manispaa ifikirie sanamu, mkono mmoja kamera na mkono mwingine tishu. Maana siku hiyo, mbele ya umati ambao haukugeuka hata kidogo, Inoshita Wakana alivuka barabara. Kesho yake Mwenyekiti aliikagua picha kwa muda mrefu, akatoa hukumu: "Shabaha imekosea." Nilimpa ufagio. Alisema mgongo unamuuma.

Lakini jioni ile, ndani ya treni, akiwa amesimama kwa sababu hakuthubutu kumwomba mtu aondoe mkoba kwenye kiti, Wakana alimtumia Chinatsu ile picha. Chini yake akaandika: "Uso haukutoka vizuri, nimekosea. Lakini nilikuona. Na mara ile pia nilikuona." Kabla ya stesheni iliyofuata alama ikaonyesha kwamba ujumbe umesomwa.

Tangu hapo hakuna jibu. Kila nikimuuliza, Wakana anatoa simu, safari hii ikiwa imewashwa, anaitazama, anairudisha mfukoni, mahali ilipo ile pakiti ya tishu ambayo hajaifungua hata alipokuwa na mafua. Anasema pengine Chinatsu bado yuko kazini, mikono yake yote miwili imejaa.