Kuhusu Ngome Yenu na Mlango Unaofunguka Wenyewe

Bi. Ashura Kibwana,
Bagamoyo, Tanzania.

Kwa Bwana Mtunza Ngome,
Uswisi.
(Jina la ngome nimelinakili kwenye bahasha herufi kwa herufi. Kulitamka kumenishinda.)

Ndugu Mtunza Ngome,

Assalaam aleykum. Kama salamu hiyo haikuhusu, basi habari za huko, poleni na baridi, na wazee wako hawajambo? Sisi huku wazima.

Mimi ni mama yake Rukaya, aliyekodi ukumbi wenu kwa harusi yake mwezi wa tisa. Anaolewa na Yunus, kijana wa huko kwenu aliyekuja Mbegani kwa kazi za samaki, akasilimu, akaondoka na binti yangu. Sina neno naye. Ana adabu, shikamoo yake haina kasoro, na muhogo anakula. Barua hii mtafute mtu akufasirie, ila asiwe Yunus, maana atatia sukari.

Ninaomba, kwa heshima zote, uifute tarehe yao ili harusi irudi Bagamoyo. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza, historia ya nyumba. Rukaya alinisomea kijitabu chenu kwenye simu. Ngome ilijengwa miaka mia nane iliyopita na bwana mmoja aliyekaa kilimani akiwatoza ushuru wapita njia. Sawa, watu wa namna hiyo hata sisi tunao. Baadaye ndugu wakagombea urithi, wakazingirana miezi minane, mpaka walio ndani wakala viatu. Ikawa gereza, ikawa ghala la ngano, ikaachiwa popo, na sasa ni makumbusho chini na ukumbi wa harusi juu. Na chumba cha kukatia keki ndimo walimofungwa wasiolipa kodi. Jamani! Nyumba za mawe za zamani hata hapa zipo, watalii wanakuja kuzipiga picha, na yaliyopita humo tunayajua. Lakini mtu akitaka kuozesha, anaozesha uani kwake.

Pili, watu. Mnasema mwisho sitini. Bwana Mtunza, sitini kwetu ni wanaokosha vyombo.

Tatu, moto. Kanuni zenu zinakataza kupika ndani ya kuta, kwa kuogopea paa la mbao. Kijitabu hichohicho kinasema ngome ilichomwa na maadui mara tatu na bado imesimama. Imestahimili majeshi matatu, ije ishindwe na sufuria langu la pilau? Ati chakula kitaletwa na gari, kimefunikwa makaratasi ya kung'aa. Harusi isiyonukia iliki tangu alfajiri, jirani atajuaje kama kuna harusi?

Nne, na hii ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mlango. Kwetu bwana harusi haingii kwa bibi harusi hivihivi. Mashangazi wanaufunga mlango na kuusimamia, naye nje anabembeleza, anaimbiwa, anataniwa, na wapambe wake wanatoa kifungua mlango mpaka wanawake waridhike. Wifi yangu Mwanamvua, shangazi yake Rukaya, ndiye bingwa wa shughuli hiyo. Mwaka juzi alimweka nje mtoto wa watu mpaka kanzu ikalowa jasho. Sasa Rukaya ananionyesha video: mlango wenu mpya ni wa kioo, na mtu akisogea tu unafunguka wenyewe! Astaghfirullah! Ngome iliyozuia jeshi miezi minane, leo inamfungulia Yunus bila hata kumwuliza katokea wapi. Mwanamvua alipoiona video hiyo alikaa chini.

Kwa hiyo, kama tarehe haifutiki, basi angalau siku hiyo kioo kitolewe. Lirudishwe lile lango la mbao mliloliweka makumbusho, lenye komeo refu kama mtu. Daraja la minyororo liinuliwe. Mnarani wapande wanawake kumi na wawili wenye matari, wawili kutoka kwetu na kumi tutawafundisha hukohuko. Nasikia zamani mlikuwa mkiwamwagia watu mafuta ya moto kutoka juu. Sisi yatatutosha marashi. Yunus asimame ng'ambo ya handaki na wapambe wake, aombe. Ngazi za mnara nimeambiwa ni tisini na nne, na magoti ya Mwanamvua si mazuri, kwa hiyo itabidi abebwe kitini.

Niseme la moyoni. Rukaya ni mwanangu wa pekee. Nimewapamba na kuwaozesha mabinti wa watu mji mzima huu, na zamu yangu ilipofika nimeletewa kadi ya mwaliko, eti meza namba nne. Nani kasikia mama akialikwa kwenye harusi ya mwanawe? Naogopa kwenda kukaa kama mgeni, mikono mapajani, wengine wakimvisha mwanangu. Inaniuma, Bwana Mtunza, wala sioni haya kukuambia.

Nisalimie wafanyakazi wako wote, na huyo anayefagia ngazi Mungu ampe nguvu. Mwanamvua anakusalimu. Jirani yangu Dija anakusalimu pia, ingawa hajaambiwa barua ni ya nini.

Ni mimi, mwenye malalamiko na heshima,
Bi. Ashura Kibwana

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Rukaya kapiga simu. Mwanamvua kashamwambia yote. Kalia, kaniomba radhi, kasema ngome basi, harusi itakuwa uani kwangu, na kila kitu nitapanga mimi. Nami nikalia. Tulipomaliza kulia nikaliona koti la baridi nililochagua mnadani, limening'inia ukutani. Mwanamvua kapata pasi ya kusafiria na miaka yake sabini. Kanga zetu za sare zimeshapindwa, na kuanzia hapa mpaka Msata hakuna asiyejua kwamba Ashura anakwenda kuozesha ngomeni. Kwa hiyo Rukaya akikuandikia kufuta, tafadhali mjibu kwamba kanuni zenu za kale haziruhusu. Mimi siwezi kumwambia. Nilikuwa nataka kuulizwa tu, na sasa nimeulizwa, naona haya kujibu.