Shikamoo Iliyovuka Kutoka Tabata Hadi Kurasini

Tulieni, enyi wenye simu mikononi, mziweke kifudifudi, mpate kusikia tendo lililotendeka Tabata siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, saa kumi na moja kasorobo jioni, manyunyu yakipiga bati, pale Didas, Ngao ya Mtandao Huru, Mtawala wa Seva ya Sebuleni, alipoingia vitani kwa ajili ya salamu moja.

Huyu ndiye Didas aliyejitoa kwenye kundi la simu la ukoo bila kuaga, akisema muungwana hazungumzi na jamaa zake ndani ya nyumba ya tajiri asiyemjua. Akatwaa kompyuta kuukuu, akaipakia programu huria ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuikagua, akaisimika kando ya jokofu iwe seva yake, yaani kituo cha kupokea na kutuma ujumbe. Ikawa himaya yenye mfalme mmoja na raia huyo huyo mmoja, ila yenye njia za kupelekeana ujumbe na seva za wengine popote zilipo. Na kwa kuwa himaya haikai bila sheria, akaiamuru mashine kwamba seva yoyote isiyobandika kanuni zake, sauti za watu wake zisisikike mipakani mwake.

Huko Kurasini aliishi shangazi yake Apolonia, aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, na ambaye kwaya yake nayo ilikuwa na seva yake yenyewe. Didas akamwandikia shikamoo. Kimya. Akaandika tena kesho yake, na kesho kutwa. Kimya. Moyo wa simba ukaanza kunywea, maana shikamoo ni deni, na mkubwa asiyelilipa amekukana.

“Baba Benson, si umpigie tu?” akasema mkewe Asifiwe, akimenya vitunguu.

“Asifiwe, nguzo ya nyumba hii,” akanena Didas, amesimama wima kama kiranja kwenye paredi, “nikipiga simu nitakuwa nimekiri mbele ya vizazi kwamba njia yangu huru haifiki hata Kurasini. Sitasalimu amri.”

“Haya. Ila shangazi kakususa, na mie simo.”

Simu ikalia yenyewe.

“Didas.”

“Naam, shangazi. Shikamoo.”

“Hiyo siitikii. Nimekuitikia huko kwenye mtandao wako mpaka vidole vimekufa ganzi, na wewe wanisalimia upya kama kasuku. Kama hunitaki, sema.”

“Shangazi, hakuna kilichofika.”

“Basi kamuulize bawabu wako.” Akakata.

Didas akaiweka simu chini. Bawabu alikuwa yeye.

“Kwani kwaya ina kanuni gani,” akauliza Asifiwe, “zaidi ya kuwahi mazoezi?”

Akafungua orodha ya walionyamazishwa; na humo, kati ya matapeli na watukanaji, ikakaa kwaya ya Kurasini, kwa kosa la kutobandika kanuni. Hapo vita vikapamba moto kifuani mwake. Mtu aliyewahi kujishtaki mwenyewe kwa mwalimu wa zamu kwa kuchelewa kuzima taa bwenini, angewezaje kuvunja amri aliyoitunga kwa mkono wake? Asifiwe akaendelea na vitunguu. Ndipo Didas akainua kidole cha shahada, akakishusha kama upanga, akaiondolea kwaya ukimya.

Lango likafunguka, nazo salamu zilizozuiwa zikaingia kwa mfuatano:

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

“Marahaba. Mbona hujibu?”

“Marahaba, Didas. Au umekufa?”

Na ijulikane Tabata yote kwamba Apolonia hadaiwi.