Malalamiko Kuhusu Kifo cha Seremala wa Redio

Heru Juu, Kasulu
14 Desemba 2025

Ndugu Meneja wa Vipindi,
Redio Kilele, Kasulu.

YAH: SEREMALA KUGONGWA NA TRENI KATIKA SEHEMU YA TISA

Mimi ni msikilizaji wenu. Nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita na nangoja matokeo. Ningepiga simu kwenye kipindi, lakini nina aibu. Wiki iliyopita nilipiga, mtangazaji akasema, "Haya msikilizaji, uko hewani, changamka!" Nikakata, kisha nikazima simu mpaka kesho yake. Kwa hiyo naandika.

Kwanza nawashukuru kwa kutafuta michezo ya redio ya zamani ambayo karibu kila mtu ameisahau, na kuirudia kila Alhamisi jioni. Pili nawaomba muache.

Mchezo ninaoulalamikia ni "Binti wa Stesheni Masta". Tunu, binti wa stesheni masta, anapendwa na wanaume wawili: karani mwenye baiskeli na seremala asiye na kitu. Mara ya kwanza ulirushwa mwaka 1981, sehemu kumi na mbili. Hapa kwetu redio ilikuwa moja tu, ya babu yangu, Fidele Ndayiragije, ambaye naye ni seremala. Mwaka huo betri zilikuwa hazipatikani. Babu alizianika juani mpaka zikachoka, redio ikabaki inalia kama mbu. Kuanzia sehemu ya tisa ikawa babu ndiye anayeweka sikio kwenye redio, watu wamejaa uani kimya, naye anawaeleza kwa Kiha kila kinachosemwa.

Kwa maelezo ya babu, katika sehemu ya mwisho Tunu alimkataa karani akaolewa na seremala. Bibi yangu Esteri alikuwepo uani. Wakati huo alikuwa anaposwa na babu, na pia na karani wa ushirika aitwaye Bazilio, mwenye baiskeli. Mwezi uliofuata akaolewa na babu.

Sasa Alhamisi iliyopita ninyi mmerusha sehemu ya tisa, na seremala amegongwa na treni. Madhara yake ni haya:

1. Seremala amekufa kabisa. Angekuwa ameumia tu tungevumilia, lakini tumesikia mpaka jembe likichimba kaburi. Maiti haiwezi kufunga ndoa sehemu ya kumi na mbili. Babu alipoulizwa na majirani alisema, "Labda ile ya zamani treni ilichelewa."

2. Bibi amehamia jikoni na godoro lake. Anampikia babu kama kawaida ila hasemi naye. Ananiambia mimi, na babu yuko pale pale: "Mwambie marehemu ugali umeiva." Babu ananijibu: "Mwambie bibi yako marehemu anaomba na maharage." Mimi naona vibaya kumwita babu yangu marehemu, hasa kwa kuwa anaitika.

3. Jirani yetu Bi Jeanne alimpa mwanawe wa kwanza jina la Ushindi, kwa sababu ndilo jina la mtoto aliyezaliwa na Tunu na seremala, kwa mujibu wa babu. Ushindi ana miaka arobaini na nne, ana mke na pikipiki mbili. Tangu Alhamisi vijana wa bodaboda wanamuuliza baba yake alimpataje akiwa kaburini.

4. Mzee Abdulrahmani, mwenye duka, zamani alikuwa hataki binti yake asome. Akasikia kwa babu kwamba stesheni masta amemwomba Tunu radhi kwa kumzuia kusoma, naye akamruhusu Shamsia kwenda kusomea uuguzi. Juzi amesema dukani mbele ya wateja: "Kumbe stesheni masta hakuomba radhi? Basi na mimi nafuta ruhusa." Bi Shamsia amestaafu uuguzi mwaka jana. Hajui sasa arudishe nini.

5. Mzee Bazilio, ambaye ni mjane, amefufua baiskeli. Kila jioni anapita nyumbani kwetu, anapiga kengele, anasema kwa sauti, "Esteri, umesikia mwenyewe!" Kisha anapita tena akirudi, ingawa hakuna alikokwenda.

6. Hili linanihusu. Kama seremala alikufa sehemu ya tisa, bibi hakuwa na sababu ya kuolewa na babu. Baba yangu asingezaliwa, wala mimi. Nimefanya mtihani wa taifa masomo tisa, na sasa nasoma hesabu hizi naona namba yangu ya mtihani haina mtu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, mtangaze kwamba kanda zilichanganyika na aliyegongwa ni seremala mwingine. La pili, sehemu tatu zilizobaki mrushe za babu. Nimeziandika zote anavyozikumbuka, kurasa thelathini na nane za daftari langu la Kemia. Bila kumkosea heshima aliyetunga, za babu ni nzuri zaidi, na hazina treni, kwa sababu babu alikuwa hajawahi kuiona.

Nawasalimu watangazaji wote, fundi mitambo, na yule mlinzi wa getini ambaye Ijumaa alinikaribisha mara mbili nikajifanya nimepotea njia. Bibi anasema mwakeye, ndiyo salamu yetu ya Kiha.

Wenu mtiifu mwenye huzuni,
Aline Ndayiragije

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha bibi ameniamuru nimsomee barua. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema alijua tangu siku ile ile uani. Alikuwa amekaa nyuma ya babu, akaona redio haina hata betri moja ndani. "Mwanamume anashinda mwezi mzima na sikio kwenye boksi tupu kwa ajili yangu, halafu nimwache nifuate baiskeli?" Basi hasira yake haihusu uongo. Anasema Alhamisi, Tunu alipoanza kulia kaburini, babu naye alitokwa machozi. "Mimi nililazwa wiki tatu, akaja na machungwa, macho makavu."

Kwa hiyo msizingatie namba moja hadi sita. Bibi anataka mchezo uendelee mpaka mwisho bila kukatwa. Atakaa mbele ya babu amwangalie usoni, na akimlilia tena yule mwanamke, yeye hatoki jikoni. Naomba tu mnijulishe mapema kama Tunu atapata shida nyingine, nianze kumwandaa babu. Leo asubuhi ameniuliza kama nadhani Tunu amepata wa kumliwaza.