Ombi la Kuandikishwa Kuku Hadi Barafu Iyeyuke

Kwa Bi Darlene Ylinen,
Mwenyekiti wa Baraza la Kitongoji cha Pajula,
Kaskazini mwa Minnesota.

KUH: KUKU KUTWAA SAUNA YA WATU, NA OMBI LANGU LA KUHESABIWA MIONGONI MWAO

Bi Mwenyekiti mheshimiwa,

Pole na koleo la theluji. Najua nawe umeamka leo ukakuta theluji imeegemea mlango kama mdai, kwa hiyo sitakuchosha kwa salamu ndefu. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa jambo hili moja ambalo limenikaa kooni, na nikiendelea kulimeza nitakufa nalo.

Jirani zangu, Arvo Hietala na mkewe Lempi, wanafuga matetea sita na jogoo mmoja aitwaye Seneta. Sina ugomvi na kuku kama kuku. Mayai yao nimeyala miaka mingi na sikuwahi kulalamika. Lakini baridi ilipofika arobaini chini ya sifuri, Lempi alikwenda bandani asubuhi akamkuta Seneta ameduwaa, kilemba chake kimeanza kuwa cheusi nchani. Watu wengine wangempaka dawa wakamwachia Mungu. Sisi wenye asili ya Finland unatujua, maana wewe ni wetu. Babu zetu walipofika hapa walijenga kwanza sauna, kibanda cha kuogea mvuke, nyumba baadaye. Mama zetu walijifungulia sauna, vifua vyetu vilitibiwa sauna, na marehemu wetu walioshewa humo humo. Kiumbe chochote kikidhoofika, mikono yetu hukipeleka sauna kabla kichwa hakijapata habari. Basi Lempi aliwabeba kuku wake ndani ya koti la Arvo, wawili wawili, akawaingiza sauna na kuwasha jiko. Wamo humo mpaka leo, na hawana dalili ya kuhama.

Sasa naomba baraza lielewe kinachogombaniwa. Tangu mke wangu Sylvi afariki, kila Jumamosi nimekuwa nikienda kuoga kwa akina Hietala. Tunaketi kwenye mvuke, tunasema maneno machache kuhusu unene wa barafu ziwani, kisha tunaingia jikoni kwa Lempi kunywa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Siku nyingine zote za juma nazungumza na redio. Kwa hiyo sidai maji wala sabuni. Nadai Jumamosi yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikushauriwa. Jumamosi ya kwanza nilifika na taulo shingoni, nikamkuta Arvo amesimama mbele ya mlango wa sauna kama askari wa benki. Akaniambia, "Leo hakuna sauna, bwana. Wamelala." Nikamuuliza kina nani. "Wazee," akasema, na hakutabasamu. Nikamwambia angalau angenipigia simu. Akasema, "Nikupigie simu gani, Reino? Hiyo unayoizima ili isichakae?" Hivyo ndivyo jirani wa miaka yote hiyo alivyorudishwa kwake na taulo kavu.

2. Kuku hao wanatunzwa kuliko raia. Asubuhi wanapewa uji wa shayiri wa moto. Maji yao yanabadilishwa yakianza tu kupoa. Kisha Lempi huchukua kopo la mafuta ya mgando akawapaka vilemba kwa kidole chake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, huku akiwauliza wameamkaje. Bi Mwenyekiti, mimi sijaulizwa nimeamkaje tangu majani yalipopukutika. Nami nina masikio, na masikio yangu yameumwa na baridi vilevile. Nilipomwonyesha Lempi, alitazama moja, akatazama la pili, akasema, "Kopo hilo hapo, shemeji. Na mkono unao." Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hawa hawana kamba. Wana zulia.

3. Benchi la juu. Huna haja ya kuelezwa kwamba benchi la juu ndilo lenye joto, na kwamba kwa desturi mgeni ndiye hukaribishwa pale. Kwa akina Hietala mgeni alikuwa mimi. Sasa pale pangu ameketi tetea mmoja mnene wa madoadoa aitwaye Impi. Nilipouliza kwa upole kama hawezi kushushwa, Arvo alinieleza kwamba kuku kwa maumbile hupenda kulala juu. Hata mimi kwa maumbile napenda juu. Tofauti ni kwamba Impi akikaa juu huacha alama, nami katika miaka yote sikuwahi kuacha alama yoyote.

4. Hili ni zito, na naomba lisisomwe kwa sauti mkutanoni. Jumamosi iliyopita nilisahau. Mtu akizoea njia, miguu haingoji amri. Nilitokea upenuni jioni, giza limeshaingia, nikaona moshi unatoka kwenye bomba, nikafurahi moyoni nikasema hatimaye watu wamerudiwa na akili. Kwetu hatupigi hodi sauna. Nilivua nguo zote kwenye chumba cha nje, nikaingia nikiwa kama nilivyozaliwa, nikachota maji kwa upawa na kuyamwaga juu ya mawe kama baba yangu alivyonifundisha.

Mvuke ulipopanda, Seneta naye alipanda. Sitaeleza yaliyofuata. Nitasema tu kwamba mtu wa umri wangu hajui kasi aliyo nayo mpaka ahitajike. Nilitoka mbio hadi katikati ya ua, theluji magotini, nikaanguka kifudifudi.

Na ni nani aliyekuwa akipita uani wakati huo, amekuja kuchukua mayai? Bi Koskela, mke wa mchungaji. Mahali pengine duniani mwanamke huyo angepiga kelele na mimi ningeokoka, maana ningepata nafasi ya kujieleza. Lakini Bi Koskela ni binti wa hapa, na anajua waogaji hutoka mvukeni wakajitupa kwenye theluji. Mzee aliye uchi kwenye theluji nje ya sauna siku ya Jumamosi kwake ni jambo la heshima. Alisimama, akanitazama nikigaagaa, akasema, "Jioni njema, Reino. Umri huo na bado unajitupa kwenye theluji! Mungu akuzidishie." Nikamwambia, "Nimefukuzwa na jogoo, mama." Akacheka, akasema, "Na utani bado unao!" Akaenda zake. Jumapili mchungaji alinisifu mbele ya vijana wa kipaimara kama mfano wa afya njema. Nimesifiwa kwa kukimbizwa, Bi Mwenyekiti, na sina pa kukata rufaa.

5. Upande wa sheria. Nimeliwaza jambo hili kwa utulivu, na naliona hivi. Ikiwa sauna ya Hietala sasa ni makazi ya kuku, basi ni banda la kuku, na banda la kuku kwa kanuni zenu wenyewe halitakiwi kuwa karibu na barabara kiasi kile. Libomolewe au lisogezwe. Ikiwa bado ni sauna, basi waliomo ni waogaji. Waje na taulo zao, waoge, washuke, waingie jikoni wanywe kahawa na kuchangia habari za barafu kama wenzao. Na kama ni waogaji basi ni wageni, na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kuwa ardhi imeganda na jembe halina kazi, wapewe koleo. Njia ya kutoka kwangu hadi sanduku la barua imezibika.

6. Najua Arvo atasimama kwenye mkutano wa Machi na kusema, "Reino ana sauna yake." Ni kweli ninayo. Iko nyuma ya nyumba, niliijenga mwenyewe, na haijawashwa moto tangu Sylvi aondoke. Lempi alishanirushia neno hilo jikoni kwake, mbele ya watu: "Na yako je, shemeji? Inaatamia?" Mtu anaweza kuwa na jiko, na kuni, na mawe, akakosa wa kuketi naye, na moto unaowashwa kwa ajili ya mtu mmoja unatia uchungu kuliko baridi yenyewe. Hilo si jambo la baraza, na naomba lisiingizwe kwenye kumbukumbu.

Kwa hiyo, Bi Mwenyekiti, naomba mojawapo ya haya mawili.

Kwanza, baraza liamuru kuku warudi bandani. Nimelikagua banda hilo na ni zuri kuliko chumba nilicholala jeshini. Linahitaji tu majani makavu ya kutosha chini, na kitundu cha hewa kule juu ili unyevu utoke, maana kinachounguza vilemba zaidi ni unyevu, na humo sauna wanazidi kulowa. Niko tayari kuyabeba majani mwenyewe.

Pili, ikiwa baraza linawaonea kuku huruma kuliko sheria, basi naomba mimi niandikishwe kuku, kuanzia siku ya kupokelewa barua hii hadi barafu ya ziwa itakapoyeyuka. Sifa zangu ni hizi: uji wa shayiri nala. Jua likizama nalala. Nikiguswa ghafla nashtuka. Sitagi, hilo nakiri, lakini hata Seneta hatagi, na matetea wenyewe mwezi huu hawajataga cha maana kwa sababu ya baridi, kwa hiyo tutaanza sawa. Nitakubali benchi la chini kama mgeni, nitakubali kupakwa mafuta masikioni, na naahidi sitawika. Anayedhani ninatania na aje alale kwangu usiku mmoja asikilize nyumba inavyolia kwa baridi, kisha aniambie kama asingependa kuwa kuku wa Lempi.

Nisalimie mumeo, na mpe pole ya mgongo. Nisalimie karani wa baraza. Nisalimie kijana anayeendesha gari la kusukuma theluji, umwambie sanduku langu la barua si adui yake. Wasalimie akina Koskela, ila usiwaeleze lolote. Hata kuku nawasalimia, wote isipokuwa mmoja.

Mimi, mkazi wako mtiifu na mwenye baridi,

Reino Kantola

N.B. Dhoruba imezuia gari la posta, kwa hiyo barua ilibaki mezani ikiwa na stempu, na stempu sipendi kuipoteza. Nimeifungua bahasha kwa mvuke wa birika ili niongeze haya.

Jumamosi hii nilikuwa nimeketi na redio nikasikia watu wanapiga viatu kibarazani kwangu kupukuta theluji. Ni Arvo na Lempi, taulo shingoni, Arvo amebeba kuni na Lempi kikapu. Lempi alisema, "Sisi kwetu tumefukuzwa na kuku. Unatuogesha au hutuogeshi?" Nikamwambia haiwezekani, bomba la moshi huenda lina viota vya ndege, hata jiko silikumbuki. Arvo akasema, "Bomba nimelizibua juzi ulipokwenda dukani. Lete kiberiti, bwana, tunaganda hapa."

Nilileta kiberiti. Mawe yalichelewa kupata moto, maana yalilala muda mrefu. Hayo mawe aliyachagua Sylvi ziwani, moja moja, akiyagonga na kuyasikiliza. Lempi aliingia kwanza peke yake, kisha tukaingia Arvo na mimi. Maji ya kwanza yalipogusa mawe Arvo akasema, "Mvuke wa Sylvi huu." Nililia, Bi Mwenyekiti, na Arvo akawa muungwana, akadai yeye ndiye aliyezidisha maji. Baadaye tulikunywa kahawa jikoni kwangu na nikagundua kwamba nina vikombe vya kutosha. Wamesema Jumamosi ijayo wanakuja tena, na akina Koskela wanataka kuja pia.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote hapo juu yafutwe, pamoja na ombi la kuwa kuku. Kuku wa Hietala wasiguswe. Baraza lipitishe kanuni kwamba haikubaliki kuwahamisha kuku sauna kwa ghafla, kwa ajili ya afya zao, na kwamba Seneta abaki pale pale alipo.

Redio inasema Jumatano baridi itapungua. Tafadhali mtu asimwambie Lempi.