Pedali Uliyoitibu Zaidi ya Ugonjwa Wake

Ndugu Shemeji, Fundi Redio Mkuu wa mtaa wenu na mitaa ya jirani,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na mikono iliyotulia, ingawa hilo la mikono nalitilia shaka. Sisi huku wazima. Baba hajambo, ila masikio yanazidi kuwa mazito, na bado kila nikitoka mazoezini ananiuliza kwenye ile bendi mimi huwa nafanya nini hasa.

YAH: KOMPRESA YA GITAA LANGU LA BESI

Utakumbuka nilikuletea pedali yangu ya kompresa, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu ambacho kazi yake ni kushusha noti zinazopiga kelele na kuinua zinazonong'ona. Swichi ilikuwa inagoma. Niliomba swichi. Wewe, kwa ukarimu wako usio na mipaka, ukafungua tumbo lote, ukabadilisha kapasita, kile kidude cha ndani kinachopitisha sauti, eti ya zamani ilikuwa inakula sauti nzito, kisha ukatoboa tundu na kupachika kitufe cha kuchanganya sauti iliyobanwa na sauti halisi ya gitaa. Swichi, nakuarifu kwa heshima, bado inagoma. Tofauti ni kwamba sasa imegoma ikiwa imewashwa.

Kwa unyenyekevu mkubwa naorodhesha madhara:

1. Nasikika. Miaka yote nimepiga besi nyuma ya spika bila kumsumbua mtu. Watu waliniona natikisa kichwa wakadhani nimemsindikiza mpiga solo. Sasa kila noti inatoka nzito, imeshiba, kama mlango wa mbao nzuri unapofungwa. Nani alikwambia nayataka hayo?

2. Mpiga ngoma amegundulika. Kumbe katikati ya wimbo huwa anakimbia, ila hakukuwa na kitu cha kumpimia. Siku hizi besi inabaki nyuma ikimsubiri na ukumbi mzima unamtazama yeye. Hanisalimii.

3. Mwimbaji wetu, Sauti ya Asali, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kukosea, ameonekana anaimba juu kidogo ya wimbo. Amenishtaki kwamba besi yangu iko chini. Shemeji, sasa besi ikae wapi?

4. Bibi harusi wa juzi alipita mbele ya mpiga solo, akaja kunipongeza mimi. Mimi! Mpiga solo alikunja nyaya zake akaondoka bila kula, na unajua yule bwana anavyopenda kula.

5. Kiongozi wa bendi, muuza mabati, mtu wa amani, ametoa uamuzi: ama kisanduku kirudi kilivyokuwa kabla ya harusi ya Jumamosi, ama mimi nibaki nyumbani.

Kwa hiyo naomba uje Ijumaa na bisibisi yako, urudishe ile kapasita mbovu, uzibe hilo tundu, na uniondolee utamu wote uliomo. Nataka sauti yangu ya zamani, ile iliyojua kukaa na watu.

Msalimie dada, watoto, na yule jirani yenu mshona viatu aliyekushikia tochi wakati unanifanyia haya.

Wako katika uonevu huu,
Mpiga Besi, zamani wa nyuma ya spika

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua. Jioni hii tumefanyia mazoezi sebuleni kwetu, Baba yuko kwenye kiti chake, kiganja juu ya meza. Mara akaanza kugonga kidole, taratibu, akifuata mapigo yangu, si ya mpiga ngoma. Tulipomaliza akasema, mbele ya wote, Sauti ya Asali akiwemo, kwamba kumbe mimi ndiye ninayeushika wimbo usianguke. Nikajifanya natafuta waya chini ya kochi, maana machozi yalikuwa yananitoka. Kiongozi akiniacha nyumbani Jumamosi, nitampigia Baba besi hapa hapa sebuleni. Ijumaa njoo tu, Shemeji, tule pamoja, lakini bisibisi iache kwako. Na hiyo swichi, nakuomba sana, usiiguse.