Ombi la Kumkagua Mchumba kwa Kanuni za Sari

Kumbakonam,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Kwa Shangazi Kanakavalli, msimamizi wa ndoa na manunuzi yote ya ukoo wetu,

Shikamoo Shangazi. Natumaini magoti yamepata nafuu tangu ile safari ya dukani Kanchipuram. Mimi mpwa wako Kothai ni mzima, isipokuwa kwa jambo moja nililoshindwa kulisema nyumbani. Hapa kwetu kila nikifika katikati ya sentensi Mama husema, "Kothai, angalia maziwa yasimwagike," hata kama hakuna maziwa jikoni. Ndiyo maana naandika.

Shangazi, mwezi huu umenichagulia vitu viwili: sari ya kuolewa na mume. Sari uliichagua tangu duka linafunguliwa hadi mwenye duka alipoanza kupiga miayo mbele yetu bila aibu. Mume ulimchagua kwa kikombe kimoja cha kahawa. Bwana Aravamudhan na wazazi wake walipoondoka, ulifuta mdomo ukasema, "Kijana mzuri. Kimya. Kahawa kaimaliza yote." Baba akasema, "Basi imekwisha hiyo." Na ikawa imekwisha.

Sipingi ndoa. Napinga utaratibu. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanga. Dukani ulikataa katakata kuiamini sari chini ya taa. Ulimwambia muuzaji, "Kaka, taa zako hizi zinambembeleza mteja. Tupishe, tunaipeleka mlangoni." Tukatoka hadi nje, wewe umeshika upande mmoja na mimi mwingine, wapita njia wakitoa maoni yao. Ile uliyoiona ndani kama zambarau lililoiva, juani ilikuwa na rangi ya ini, ukairudisha kwa ncha za vidole. Ni hii nyekundu iliyokolea tu iliyobaki ileile ndani na nje. Bwana Aravamudhan nimemwona mara moja, jioni, sebuleni kwetu, chini ya ile taa inayopepesa ambayo Baba ameahidi kuibadilisha tangu nikiwa shule ya msingi. Naomba atolewe barabarani saa sita mchana, nimtazame.

2. Upande wa nyuma. Kila sari uliigeuza. "Mbele siangalii," ulisema, "mbele hata mwizi anachana nywele. Nionyeshe nyuma." Nyuma ya Bwana Aravamudhan hakuna aliyeiona. Naomba Baba amtembelee bila taarifa, asubuhi ambayo maji ya bomba yamekatika na chakula kimechelewa.

3. Maungio. Mwili wa sari yetu na pindo lake vimefumwa kwa nyuzi za rangi mbili, vikaunganishwa palepale kwenye kitanda cha kufumia. Ulishika mwili kwa mkono mmoja na pindo kwa mwingine, ukavuta mpaka mwenye duka akafumba macho na kutaja majina yote ya Mungu anayoyajua. Haikuachia. Sasa, Bwana Aravamudhan naye ni mwili uliounganishwa na pindo, yaani mama yake. Ndiye aliyejibu maswali yote aliyoulizwa mwanawe, pamoja na lile la kama kahawa ina sukari ya kutosha. Uimara wa maungio hayo sina shaka nao. Naomba tu nivute kidogo, nione mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi.

4. Moto. Ulichomoa uzi kwenye matamvua ukauwashia kiberiti dukani mwa watu. Uzi ulitoa harufu ya nywele zilizoungua, ukawa jivu la kupukutika, nawe ukaridhika, kwa kuwa hariri ya uongo hujikunja ikawa kidonge kigumu. Sipendekezi Bwana Aravamudhan achomwe. Nilifikiria kuomba unywele wake mmoja, lakini mimi nimesoma: unywele wa mtu yeyote, mwema au mwovu, hunuka unywele. Badala yake naomba nimfunge kwenye mchezo wa keram mbele ya binamu zake wote. Kisha tutazame kama atapukutika kwa kicheko au atajikunja awe kidonge.

5. Matunzo. Hapa, Shangazi, naomba usome polepole. Tuliporudi nyumbani ulituketisha chini ukatufundisha. Sari isianikwe juani bali kivulini. Isipuliziwe manukato. Isitundikwe kwenye msumari. Ifungwe kwenye shuka kuukuu la pamba la Babu. Isifungiwe kabatini miezi na miezi ikingoja wageni. Na zaidi ya yote isikunjwe mahali palepale kila mara, maana hariri hukatika kwenye mkunjo. Baba alitakiwa kuyarudia kwa sauti, na aliyarudia. Lakini familia ya Bwana Aravamudhan haijapewa maelekezo yoyote kunihusu. Mimi nami nina mahali ninapokunjwa kila siku: katikati ya sentensi. Wengine wakiendelea kunikunja hapohapo maisha yangu yote, sijui kitakachobaki. Naomba ukawaketishe chini nao pia.

6. Kurudisha. Mwenye duka aliapa, "Mama, hii ikichuja rangi, nirudishie hata siku ya harusi ya mjukuu wako." Nawe uliuambia ukoo mzima kwamba haitachuja, kwa kuwa umeikagua wewe. Mama yake Bwana Aravamudhan hajatoa ahadi ya namna hiyo. Kwa hiyo, maombi yangu ya kwanza hadi ya tano yakikataliwa, naomba rasmi niolewe na sari. Kati yetu sisi watatu ndiyo pekee iliyokaguliwa, ina dhamana, na haina mama.

Nasubiri jibu lako kabla kadi hazijachapwa. Msalimie Mzee wako, wasalimie binamu zangu wote, hata yule aliyesema elimu imeniharibu, na yule jirani yako anayependa kujua kila kitu, umsomee barua hii ili asihangaike kuitafuta.

Mpwa wako, mtiifu kwa kadiri inavyowezekana,
Kothai

Tanbihi, Ijumaa. Bahasha ilikuwa haijafungwa, kwa hiyo naongeza. Jana alasiri Bwana Aravamudhan alikuja peke yake kuleta mfano wa kadi. Sari ilikuwa barazani, kivulini, ikipata hewa kama ulivyoagiza. Ghafla ikanyesha mvua ya upande. Mimi nilikuwa natoka kukanda unga, na Mama akapiga kelele, "Kothai, usiiguse, na mikono hiyo!" Aliyeruka ni Bwana Aravamudhan. Aliikumbatia yote, yadi tisa, akaingia nayo ndani. Alipoiweka, Shangazi, shati lake jeupe lilikuwa jekundu toka kifuani hadi kiunoni. Jirani yetu alichungulia ukutani akauliza, "Jamani, mmemfanya nini kijana wa watu?"

Sari imechuja.

Alijitazama, akaitazama sari, akasema, "Nimesikia hii ilikaguliwa kutwa nzima." Nikamjibu kwamba ndiyo, kutwa nzima. "Basi nashukuru mimi nilipewa kahawa tu." Kisha akaniuliza hariri iliyolowa hukaushwaje. Nikaanza kueleza, na nilipofika katikati ya sentensi Mama akataja maziwa. Bwana Aravamudhan akainuka, akaenda jikoni mwenyewe, akarudi. "Hakuna maziwa huko, Mama," akasema, kisha akanigeukia: "Enhe, ukishaibana kwa taulo?"

Nikamaliza sentensi. Nikamaliza na nyingine. Mvua ilikatika nikiwa bado naendelea. Baadaye nilimfunga keram. Alipukutika.

Kwa hiyo nafuta malalamiko namba moja hadi tano. Namba sita ibaki, ila ihusu sari. Yeye aliondoka na shati la Baba, ambalo halimfiki kiunoni. Lake nimelifua kwa maji baridi na chumvi, rangi haitoki. Nimelianika kivulini, nikalikunja bila kulibana, nikalifunga kwenye shuka la Babu, maana sari haitalihitaji tena. Mama akikuuliza liko wapi, tafadhali mwambie hujui.